Njaa Zetu na Majina Yake: Habari za Udongo na Maji ya Ukambani

Kama ilivyo desturi ya kitabu hiki, zikiisha hesabu za fedha na majina ya wenzetu waliofariki, halmashauri hutenga kurasa chache kwa ajili ya habari za kale. Mwaka huu tumepewa kazi ya kuandika juu ya chakula, yaani taifa lahitaji kitu gani katika ardhi yake ili watu wake wale na kushiba. Swali hili si la mchezo. Katika mkutano mkuu wanachama wataletewa shauri la mchanga wa mto wetu, na shauri hilo, ijapokuwa lina sura ya fedha, kwa hakika ni shauri la chakula. Twawaomba wazee wetu watuwie radhi pale tutakapokosea, kwa kuwa sisi ni watoto mbele yao, na mengi yaliyomo humu yalitufikia kwa vinywa vyao kabla hatujayasoma vitabuni.

Wazee hao hawakuwa na kalenda ya kutundika ukutani. Mtu akiulizwa alizaliwa lini, hakujibu kwa tarakimu, alijibu kwa jina la njaa. Katika Kikamba njaa kuu huitwa yua, na kila yua hupewa jina lake kama mtoto apewavyo lake. Ukiyapanga majina hayo kwa taratibu utaona ya kuwa ni daftari la hesabu, tena lenye uaminifu kuliko madaftari mengi tuliyopata kuyaandika kwa wino, maana hakuna aliyeyaandika ili ajisifu.

Baadhi yetu tulio Mombasa twaonana kila juma na Wakamba wa Rabai na wa Kwale, nao wengi hawajui kwa nini babu zao walikaa pwani. Sababu ni njaa. Katika miaka ya 1830 mvua ilikatika Ukambani, na jamaa nyingi zikateremka na kufanya makao karibu na Wamijikenda. Siku hizo mtu aliyeona shamba lake limekauka alikuwa na njia mbili: aende kwa jirani aliyepata mvua, akabadilishe pembe au mbuzi au kazi ya mikono yake kwa nafaka, au ahame kabisa. Wakamba walikwenda kwa Wakikuyu kutafuta chakula, na Wakikuyu nao walipopungukiwa walikuja Ukambani. Njia hizo za kwenda na kurudi zilikuwa ndizo ghala la nchi. Nchi ilikuwa kubwa kwa watu wachache, na ardhi iliyochoka iliachwa ipumzike miaka mingi bila mtu kuona hasara.

Kisha ikaja Ngomanisye, katika miaka ya 1898 na 1899. Mapema katika miaka ile ya 1890 sotoka ilikuwa imeua ng'ombe wengi mno, basi watu walikosa kitu cha kuuza. Mvua zikakatika mfululizo. Misafara mikubwa iliyopita kwenda Uganda, na kazi ya reli iliyokuwa ikipanda kutoka Mombasa, vilikuwa vimenunua nafaka nyingi zilizokuwamo vihengeni. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, treni zilipita katika nchi yenye mifupa ya watu kando ya njia, na nyuma ya njaa ikafuata ndui. Mchele wa Bara Hindi uliletwa kuwagawia wenye njaa, na kwa tujuavyo hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa watu wengi wa bara yetu kula chakula kilichovuka bahari. Jirani zetu Wakikuyu waliiita njaa ileile njaa ya Ulaya. Jina hilo latosha kueleza walivyoelewa mambo.

Tuache kidogo habari za kale, tufanye hesabu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi tuliyosomea.

Kwa makadirio ya kawaida Mkenya mmoja hula gunia moja la mahindi, la kilo 90, kwa mwaka. Watu wengi hudhani gunia hilo limetengenezwa kwa jembe na mbegu. Kumbe limetengenezwa hasa kwa maji. Mahindi ya kawaida, tangu kuota hata kukauka, yahitaji mvua ya milimita 500 hadi 800 inayofika kwenye mizizi. Milimita moja ya mvua katika ekari moja ni lita 4,000 na zaidi kidogo. Kwa hiyo milimita 500 ni zaidi ya lita milioni mbili, yaani mitungi 100,000 ya lita ishirini, kwa ekari moja, kwa msimu mmoja. Ekari hiyo ikitoa magunia kumi, ujue ya kuwa kila kilo ya mahindi imekunywa lita zipatazo 2,200. Hakuna mama awezaye kuyateka maji hayo kwa kichwa, wala punda wa kuyabeba. Ni mvua pekee iwezayo, na ni lazima mvua hiyo iingie ardhini na ikae.

Hapo ndipo udongo unapoingia katika hesabu. Udongo mzuri wenye majani yaliyooza ni kama sifongo, hunywa maji na kuyatoa kidogo kidogo. Udongo uliokanyagwa na kuachwa uchi ni kama bati la nyumba. Mvua ya milimita 40 ikinyesha juu yake jioni moja, sehemu kubwa yake huwa mtoni kabla ya watu kula chakula cha usiku, nayo hushuka imebeba udongo wenyewe. Udongo wa unene wa milimita moja tu katika ekari moja una uzito wa tani tano hivi. Kwa macho mtu hataona kitu kilichopungua, lakini ule uliokwenda ni wa juu, nao ndio wenye chakula cha mimea. Tena hata pasipo mmomonyoko, magunia kumi ya mahindi hutoka shambani na naitrojeni ipatayo kilo 13 au 14, na asiyerudisha samadi wala mbolea huvuna kutoka katika akiba ambayo hakuiweka yeye.

Hesabu ya tatu ni ya ardhi yenyewe. Kenya ni kubwa, kilomita za mraba zipatazo 582,000, lakini zaidi ya sehemu nne katika tano ni nchi kavu au nusu kavu. Hata tukiihesabu ile sehemu moja ya tano kwa ukamilifu, pamoja na misitu, mashamba ya chai na miji iliyomo ndani yake, ni ekari kama milioni 29. Katika hesabu ya watu ya 1948 tulikuwa milioni 5.4, na ekari hizo zingegawanywa kila mtu angepata zaidi ya tano. Mwaka 1962 tulikuwa milioni 8.6, na kila mtu angepata tatu na kitu. Mwaka 2019 tulihesabiwa milioni 47.6, na fungu la mtu likawa zaidi kidogo ya nusu ekari. Ardhi haikuzaa, watu ndio waliozaa. Basi nchi kavu, ambazo wataalamu wa zamani walizipita kwa gari wakifunga vioo kwa sababu ya vumbi, hazina budi nazo kulisha watu wake, na Ukambani ni mojawapo ya nchi hizo. Tuna vilima vyenye mvua, Mbooni, Iveti na Kilungu, lakini chini yake nyanda ni kavu, na mvua ya vuli, ya Oktoba hadi Desemba, ndiyo tegemeo kuliko ile ya masika.

Sasa turudi kwenye historia, maana jambo la udongo wa Ukambani lilipata kuwa fitina kubwa.

Serikali ya Kiingereza ilipoweka mipaka ya rizavu, masetla walikuwa wametwaa vilima vya Mua na nyanda za malisho upande wa magharibi. Yatta nayo ikahesabiwa kuwa ardhi ya Serikali. Ng'ombe waliokuwa wakihama kufuata majani wakafungiwa mahali pamoja, na watu vilevile. Tume ya ardhi ya Sir Morris Carter, iliyoanza kazi mwaka 1932 na kutoa ripoti yake mwaka 1934, iliwasikiliza wazee wetu, lakini vilima vya Mua vikabaki mikononi mwa masetla. Katika miaka hiyohiyo kulikuwa na nzige na ukame. Malisho yalikwisha, makorongo yakapasua miteremko, na vilima vikaonekana vyekundu kama kidonda. Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa hifadhi ya udongo, aliandika ripoti kali sana juu ya Machakos, akiona ya kuwa wenyeji wanazama katika umaskini na nchi yao inageuka jangwa la mawe na mchanga.

Twataka kusema kwa uangalifu hapa, kwa kuwa katika vyama vyetu ni desturi kumkataa mtu kama huyo tangu mwanzo hata mwisho. Kuhusu udongo, Bwana Maher hakukosea, maana udongo ulikuwa ukienda kweli. Kosa lilikuwa katika sababu na katika dawa. Aliyefungiwa chumbani na ng'ombe wake hawezi kulaumiwa peke yake kwa kuchafuka kwa chumba. Serikali iliona ng'ombe waliozidi, haikuona ardhi iliyopunguzwa, nayo ikaamua kuwatwaa ng'ombe. Mwaka 1938 ng'ombe walikamatwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya chini, wakati kiwanda cha nyama kilikuwa kimefunguliwa Athi River kikihitaji mifugo ya bei rahisi. Wazee wetu walifahamu kujumlisha mambo hayo mawili bila kusoma shule.

Mwishoni mwa Julai 1938 watu zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, walikwenda kwa miguu hata Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakataka kumwona Gavana. Walikaa Kariakor kwa majuma kadhaa, hawakupiga mtu, hawakuvunja kitu, walikaa tu. Serikali ilikuwa na sababu ya kuwa na wasiwasi, kwa kuwa Wakamba wengi walikuwa askari wa jeshi na polisi. Mwezi wa Agosti Gavana Brooke-Popham alikwenda Machakos mwenyewe kukutana na watu, na baadaye uuzaji wa kulazimishwa ukaachwa. Muindi Mbingu alikamatwa, akapelekwa Lamu kuwa mfungwa wa mbali na kwao. Leo barabara mojawapo ya katikati ya Nairobi yaitwa kwa jina lake, na wanachama wengi huipita kila siku wakienda kazini.

Ng'ombe waliokolewa, bali vilima havikupona. Hilo nalo ni lazima lisemwe. Mvua za mwaka 1939 na zilizofuata ziliendelea kushusha udongo Athi, na udongo huo hautofautishi mtu mwenye haki na asiye na haki.

Mwaka 1943 njaa ikaja tena, wakati wa vita. Mvua ilikuwa imepungua, na mahindi yalikuwa chini ya amri ya Serikali tangu 1942, hata bei na usafirishaji wake. Serikali iliunda tume ya kuchunguza upungufu huo wa chakula mwaka uleule. Jirani zetu waliiita njaa ya muhogo, kwa sababu ya unga walioula. Neno mwolyo, ambalo hata leo huko kwetu ni jina la chakula cha msaada, limezoeleka vinywani kiasi kwamba watoto hulijua kabla hawajajua neno la Kikamba la ghala. Jambo hilo hutusikitisha.

Baada ya vita Serikali ilianza mipango mipya. Msitu wa Makueni, uliokuwa na mbung'o, ulianza kufyekwa ili watu wahamie. Katika rizavu watu walilazimishwa na machifu kuchimba makinga maji kwa pamoja, asubuhi kadhaa kila juma, wakisimamiwa na manyapara. Mama zetu waliichukia kazi hiyo. Walichimba katika shamba la mtu wasiyemjua, kwa amri, na matuta yenyewe mengi yalikuwa membamba, mvua kubwa ilipokuja yalikatika na kufanya makorongo mapya.

Kilichobadilisha mambo si hotuba. Mwaka 1954 Waafrika wa Machakos waliruhusiwa kupanda kahawa, zao walilokatazwa wakati masetla walilipanda wapendavyo, na sharti lilikuwa kwamba mtu apande juu ya ngazi zilizochimbwa vizuri. Mtu aliyekuwa akimkimbia nyapara sasa aliamka alfajiri kuchimba ngazi zake mwenyewe. Waliochimba kwa ajili ya kahawa wakaona ya kuwa mahindi na maharagwe yaliyopandwa juu ya ngazi hizo hayakauki upesi kama yale ya mteremkoni, na jirani zao wasio na kahawa wakaona pia. Ndipo vikundi vya mwethya, ambavyo ni desturi yetu ya tangu zamani, vikaishika kazi: leo kwako, kesho kwangu, na nyimbo. Namna ya kuchimba ilikuwa ile iitwayo fanya juu, yaani mtaro huchimbwa kufuata usawa wa kilima, na udongo wake hutupwa upande wa juu, uwe ukingo. Mvua ikija hushusha udongo hata ukingoni, na baada ya miaka michache shamba hujisawazisha lenyewe kuwa ngazi. Ni kazi nzito kuliko kuutupa udongo upande wa chini. Aliyewahi kuifanya kwa siku moja hatatia shaka.

Nani aliyeifanya? Wanaume wengi walikuwa Mombasa, Nairobi, katika reli, jeshini, na katika ofisi kama hizi zetu. Vitabu vya chama vya miaka ya nyuma vimejaa majina ya marais, makatibu na waweka hazina, wote wanaume. Ngazi za Mbooni na Kangundo kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake, kwa majembe. Sisi tulipeleka fedha za majembe, za plau na za karo. Si kidogo, lakini tusijipe sifa ya mwingine.

Wataalamu nao waliongeza yao. Katika kituo cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, ilipatikana mbegu ya mahindi iliyoitwa kwa jina la kituo, ambayo ilianza kutolewa kwa wakulima mwishoni mwa miaka ya 1960. Hiyo huiva kwa miezi mitatu hivi, hutoa kidogo kuliko zile mbegu za Kitale zilizofanya ajabu katika nchi zenye mvua nyingi tangu 1964, lakini huwahi kumaliza kazi yake kabla mvua haijaondoka. Mbegu hiyo ilifaa zaidi juu ya ngazi, ambako maji yalikuwa yamezuiwa. Tangu 1974 Serikali ikisaidiwa na Uswidi ilisukuma mbele kazi ya kuhifadhi udongo katika nchi nzima, na Machakos ilikuwa mbele.

Matokeo yake yalichunguzwa na Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, ambao kitabu chao kilitoka mwaka 1994. Katika miaka ya 1930 wilaya ya Machakos, pamoja na Makueni, ilikuwa na watu wapatao 240,000, na ilisemekana kuwa wamezidi. Kufikia mwaka 1990 walipita 1,300,000. Kwa hesabu ya Bwana Maher hapo pangekuwa jangwa. Wachunguzi hao waliona ya kuwa mmomonyoko umepungua, miti imeongezeka mashambani, na thamani ya mazao kwa kila mtu ni kama mara tatu ya ile ya miaka ya 1930. Walilinganisha picha zilizopigwa mwaka 1937 na nyingine zilizopigwa mahali palepale zaidi ya miaka hamsini baadaye, na vilima vilivyokuwa vyekundu vilikuwa vimevaa ngazi na miti. Walioishi kwenye nyanda kavu, na wenye ekari moja isiyo na ng'ombe wa samadi, hawakupata kama wengine. Hilo twalijua bila kitabu. Hata hivyo habari yenyewe ni ya kweli, nayo yafaa isomwe na kila anayesema kwamba nchi kavu hailimiki.

Lakini njaa hazikuisha. Mwaka 1961 ukame ulifuatwa na mafuriko makubwa, barabara zikakatika, na chakula kikadondoshwa kutoka angani, ndiyo sababu njaa hiyo ikaitwa ya ndeke, yaani ya ndege. Na mwaka 1984 masika ilikosa kabisa. Njaa ya mwaka huo twaikaribia kwa heshima, kwa kuwa wengi wa wanachama wetu waliiona kwa macho. Iliitwa Nikwa Ngwete, maana yake nafa huku nimeshika. Kushika nini? Fedha. Njaa za zamani zilimkuta maskini ambaye hana ng'ombe, hana pembe, hana kitu. Njaa hii iliwakuta watu wenye noti mkononi, zilizotumwa kutoka mijini na wana wao, na dukani hapakuwa na unga. Ilibidi Serikali iagize mahindi mengi kutoka ng'ambo, na hata meli zilipokuwa njiani mtu alisimama mbele ya rafu tupu na mshahara wa mwanawe mfukoni. Hapana jina katika daftari lote la njaa linalotuhusu sisi watu wa mijini kama hilo. Sisi ndio tuliotuma zile fedha.

Kwa maneno hayo twafika mtoni.

Mito mingi ya Ukambani haina maji juu yake kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mgeni huiona ni barabara ya mchanga. Maji yamo chini. Mchanga mnene uliolala juu ya mwamba hushika maji katikati ya chembe zake, na kwa kipimo hata robo ya ujazo wake yaweza kuwa maji. Jua haliyafikii kwa urahisi, mbu hazai ndani yake, na ng'ombe hayachafui kama maji ya bwawa la wazi. Wazee wetu walichimba visima vya mkono humo tangu zamani za kale. Katika miaka ya 1950 kuta zilijengwa kukata mito kama hiyo ili mchanga ujae nyuma yake, na tangu 1995 chama kiitwacho SASOL kimesaidia watu wa Kitui kujenga mamia ya mabwawa hayo ya mchanga. Nyuma ya ukuta mmoja maji hupanda hata kando za mto, visima vya jirani hupata, na watu hupanda sukuma, nyanya na miche ya miembe wakati wa kiangazi. Kwa hiyo mchanga ni ghala. Ngazi za vilimani hushika mvua ya shambani, na mchanga wa mtoni hushika ile iliyoponyoka.

Mchanga huohuo ndio unaojenga nyumba za Nairobi. Malori huja usiku na mchana, na mto uliochotwa hata kufikia mwamba hauna tena pa kuweka maji, mafuriko hupita mara moja kwenda zake. Watu wameuawa katika ugomvi wa mchanga. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015, na mahali iliposhikwa kwa nguvu mito imeanza kupata mchanga upya. Kwetu hali ni nyingine. Wazee watukumbusha ya kuwa walipokuwa vijana mtu alipiga magoti akakwangua kwa mkono hata kufikia kiwiko, akapata maji. Agosti iliyopita tuliona kina mama wakiteremka ndani ya shimo kwa ngazi ya miti, mmoja chini akijaza kopo, wengine wawili wakipokezana juu.

Wala tusiandike kana kwamba malori ni ya watu wengine. Wanachama wakifungua kurasa za hesabu zilizo mbele ya makala hii, upande wa mapato, wataona mstari wa ada ya malori. Mstari huo tuliuandika sisi wenyewe, na jumla yake ilihakikiwa. Fedha hizo zimelipa karo ya watoto kumi na moja, na bati za darasa moja. Kila shilingi ina stakabadhi yake. Upande wa matumizi hapana mahali tulipoandika maji yaliyoondoka pamoja na mchanga, kwa kuwa hatukuuziwa daftari lenye safu hiyo, na mkaguzi hakuuliza.

Mashauri yatakayoletwa ni mawili. La kwanza ni kwamba ada hiyo ikomeshwe, na wazee wa kila kijiji cha kando ya mto wapewe idhini ya kufunga njia za malori. La pili ni kwamba sehemu ya akiba ya chama, iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya kununua kiwanja mjini, itumike kwa saruji ya ukuta wa mchanga mahali palipo na mwamba, karibu na kivuko cha zamani. Wako wanachama wenye heshima wanaopinga yote mawili, nao wana hoja: kiwanja hupanda bei kila mwaka, na vijana wanaopakia malori hawana kazi nyingine. Vijana hao ni watoto wetu, na baadhi yao watakuwapo mkutanoni. Kazi ya ukuta, kwa makadirio ya fundi, itahitaji mikono arobaini kwa majuma matano, na halmashauri imependekeza kwamba mikono hiyo iwe yao kwanza, kwa malipo.

Wanachama wanaotoka Mombasa na Nairobi waombwa wafike siku moja kabla ya mkutano. Asubuhi wazee watateremka mtoni, na kina mama wa kisima wamekubali kutupokea. Kamba ya kupimia kina tutaileta sisi.